Bastola na Shati la Mikono Mifupi

Mwenye panga haulizi habari ya shati. Mwenye gobore, anayelinda mahindi yake yasiliwe na ngiri, anavaa kaptula yenye viraka na haimpunguzii kitu. Lakini mtu anayetaka bastola ya kutembea nayo mjini, imefichwa kiunoni, swali lake la kwanza si shabaha wala sheria. Anauliza: nikivaa nguo nyepesi, itaonekana?

Marekani swali hilo lina wataalamu wake. Watu wa Texas na Florida wana bastola ya majira ya baridi na bastola ya majira ya joto, kama sisi tulivyo na viatu vya matope na viatu vya kanisani. Wanajadili urefu wa mtutu kwa milimita, wanajadili ala inayoingia ndani ya suruali, wanajadili hata rangi ya fulana. Mazungumzo hayo yametufikia kwa simu, video moja ikiita nyingine, na sasa yanaendelea kwa Kiswahili. Yamefika hadi Makambako, mji wa upepo ulio zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, ambako mwezi wa saba mtu anaweza kuficha mbuzi ndani ya koti na asijulikane mpaka mbuzi alie.

Nataka kulijibu swali hilo la nguo kwa uzito wake. Wengi wanaopinga bastola hulikwepa. Huhubiri amani, wakimaliza wanapanda magari yao, na mfanyabiashara anabaki barabarani na milioni zake ndani ya mfuko wa rambo. Mimi nasema lifuateni swali la shati mpaka mwisho. Wenye bastola wenyewe wameshalijibu, na jibu lao linawahukumu.

Tuanze na kuficha kwenyewe. Mwaka 2011, katika kampeni za uchaguzi mdogo wa ubunge Igunga, aliyekuwa mbunge wa Tabora Mjini, Ismail Aden Rage, alipigwa picha akiwa jukwaani na bastola kiunoni. Magazeti yaliitoa, nchi ikapiga kelele, naye akajitetea kwamba anaimiliki kihalali. Sina ugomvi na kibali chake. Ninachokiona ni kwamba mbele ya umati wa wapiga kura, katika joto la Igunga, bastola ya mtu mzoefu wa majukwaa ilionekana na kila mwenye macho. Kiuno hakitunzi siri. Mtu huinama, huinua mkono kupunga, huketi kwenye kiti cha plastiki, hupanda bodaboda, na kila tendo kati ya hayo linavuta nguo. Jasho nalo hulibandika shati mwilini mpaka kilichofichwa kinajichora chenyewe, kama simu ndani ya suruali ya kubana.

Dawa wanayoipendekeza ni bastola ndogo zaidi. Hapa ndipo hesabu inapomgeuka mnunuzi. Glock 19, ambayo askari wa nchi nyingi wanaijua, ina mtutu wa milimita 102 na magazini yake ya kawaida inabeba risasi 15. Glock 43, iliyotolewa mwaka 2015 kwa ajili hasa ya kufichwa, ina mtutu wa karibu milimita 87 na magazini ya risasi 6. Risasi ni ileile ya milimita 9 na mlipuko ni uleule, lakini chuma cha kuupokea kimepungua, kwa hiyo ndogo hupiga teke kuliko kubwa. Mpini ni mfupi, kidole cha mwisho kinakosa pa kushika. Alama mbili za kulengea zimekaribiana, hivyo mkono ukitikisika kidogo tu hapa, kule mbele risasi inakwenda kwa jirani.

Mwalimu yeyote mkweli wa shabaha atakwambia kwamba bastola iliyo rahisi kubeba ndiyo ngumu kupigia. Inadai mazoezi mengi kuliko kubwa. Na nani anayeinunua? Mwenye duka la pembejeo, mnunuzi wa mbao, tajiri wa fuso mbili. Atafyatua risasi chache siku ya kwanza, ataufurahia mlio, atairudisha kiunoni, na haitatoka tena mpaka siku ya kufa mtu. Joto limemchagulia silaha ambayo hawezi kuitumia.

Basi Makambako kuna nafuu, utasema, maana koti linaficha hata bastola kubwa. Linaficha, ndiyo. Pia linaizuia isitoke. Mwaka 1983 askari mmoja wa Salt Lake City, Dennis Tueller, aliandika kuhusu jaribio ambalo wafunzi wa polisi wanalitaja hadi leo: mtu mwenye kisu huweza kukimbia futi 21, kama mita 6 na nusu, kwa sekunde moja na nusu hivi. Huo ndio muda anaohitaji askari aliyefunzwa kuchomoa bastola na kufyatua. Na askari huyo bastola yake iko nje, kwenye mkanda, mkono unaijua njia. Sasa iweke chini ya sweta, juu ya sweta weka koti la mtumba ambalo zipu yake hukwama, juu ya koti weka mkanda wa begi. Vibaka wa stendi nao hawaanzii mita sita. Wanaanza wakiwa wameshakushika bega, wakikuita mzee na kukuuliza kama wakusaidie mzigo.

Kwa hiyo joto linakupa bastola usiyoweza kulenga nayo, na baridi inakupa bastola usiyoweza kuichomoa. Sijaleta bado neno la dini wala la haki za binadamu. Hii ni nguo na chuma tu.

Baba yangu mdogo ananunua viazi Mtwango na vijiji vya jirani, anavipakia kwenye fuso (kwa lumbesa, na tusianze ugomvi huo leo) na kuvipeleka Dar es Salaam, soko la Mabibo. Fedha anazifuata mwenyewe, kwa sababu dalali usiyemsimamia ana hadithi nyingi. Miaka mitatu iliyopita alishuka kwenye basi saa nne usiku, mauzo ya safari nzima yakiwa kwenye begi la mgongoni, akaamua kutembea kwa sababu nyumbani si mbali. Walimpiga rungu mara moja, mtulinga ukavunjika, begi likaondoka. Mkono wake wa kulia hadi leo haupandi juu ya bega. Mwaka huu alinipigia simu.

"Shikamoo, Bamdogo."

"Marahaba, mwanangu. Wewe si unashinda mtandaoni? Niangalizie bastola ndogo, ile isiyotuna kwenye shati. Huku nyumbani haina shida, ila nikishuka Kitonga, nikifika Ruaha Mbuyuni, lazima nivue koti. Na Dar ndiyo kabisa."

Nilimuuliza usiku ule, kabla ya rungu, alipata muda wa kufanya nini.

"Sikuwaona," alisema. "Nilisikia tu kama tawi limevunjika. Kumbe ni mimi."

Itafutie bastola nafasi katika maneno hayo. Ichomolewe lini, kabla ya tawi au baada yake? Ichomolewe kwa mkono upi? Mtu asiyemwona adui hana wa kumlenga, na akishamwona mkono wenyewe ndio ule umening'inia. Kama Bamdogo angekuwa na Glock 43 kiunoni usiku ule, wezi wangeondoka na begi, na Glock 43 pia.

Hilo la mwisho silisemi kwa mzaha. Silaha yenyewe ni mali, tena mali inayowindwa. Julai 2015 majambazi walivamia kituo cha polisi cha Stakishari, Dar es Salaam, wakaua, wakaondoka na bunduki. Walikwenda kituoni kwa sababu huko ndiko silaha ziliko. Mtu anayejulikana kuwa na bastola naye amejigeuza kituo kidogo, chenye mlinzi mmoja ambaye hulala, hulewa, hukojoa na huacha koti kwenye msumari.

Na atajulikana. Kibali cha silaha hakianzii dukani. Chini ya utaratibu wetu, na sheria ya kudhibiti silaha na risasi ya mwaka 2015, ombi hupitia mtaani kwako kabla ya kupanda kwa polisi wa wilaya na mkoa. Ni utaratibu mzuri, mimi ningeukaza zaidi. Lakini fikiria maana yake Makambako. Mwenyekiti wa mtaa amejua. Mtendaji amejua. Wajumbe wamejua, na mjumbe mmoja ana mke ambaye ana saluni. Kabla hujanunua ala, mtaa mzima umeshaijua bastola yako, na vijana wa kijiweni wanajua unaivaa upande gani. Watu wa Dar usiowajua ndio pekee uliofanikiwa kuwaficha, na si wao waliokuvunja mtulinga.

Kuna watakaosema Bamdogo ni mzee wa viazi, hana mafunzo, angekuwa mtu wa kazi ingekuwa tofauti. Tarehe 25 Agosti 2021, karibu na Ubalozi wa Ufaransa jijini Dar es Salaam, mtu mmoja mwenye bastola aliwashambulia askari waliokuwa kazini, akachukua bunduki zao na kuendelea kufyatua. Walikufa polisi watatu na mlinzi wa kampuni binafsi kabla yeye hajauawa. Marehemu wale walikuwa wamefunzwa, wana sare, wana silaha kubwa kuliko yake, na ilikuwa mchana. Hazikuwasaidia, kwa sababu anayeanza ndiye anayechagua saa. Raia mwema, kwa tafsiri yenyewe ya wema wake, haanzi. Yeye huwa wa pili siku zote, na bastola ya kiunoni ni silaha mbaya sana kwa mtu wa pili.

Wamarekani, ambao wamelijaribu jambo hili kwa miili yao, wana hesabu pia. Watafiti wa Philadelphia walichapisha mwaka 2009 ulinganisho wa watu 677 waliopigwa risasi katika mashambulio na wengine 684 wa mji uleule ambao hawakupigwa. Waliokuwa na bunduki mwilini walikuwa na uwezekano wa kupigwa risasi mara 4.46 kuliko wasiokuwa nayo. Unaweza kubishana na namba hiyo. Unaweza kusema anayebeba silaha ni yule anayeishi penye hatari tangu mwanzo, na watafiti wenyewe walijitahidi kulizingatia hilo bila kulimaliza. Sawa, ipunguze nusu. Ipunguze tena. Bado huoni popote ndani yake ile ngao aliyoahidiwa mnunuzi.

Sasa hoja nzito kuliko zote ya upande wa pili, na sitaki kuipita kimyakimya. Westgate, Nairobi, Septemba 21, 2013. Magaidi wa Al-Shabaab waliingia kwenye jengo la maduka, na kabla vikosi vya serikali havijajipanga, raia wenye bastola za kibali waliingia kuokoa watu, pamoja na polisi wachache na watu wa Msalaba Mwekundu. Abdul Haji, aliyekwenda kumtafuta ndugu yake, alionekana dunia nzima katika picha akiwa na bastola huku akimwita mtoto mdogo akimbie kumfuata. Ule ulikuwa ushujaa. Anayeubeza hana adabu.

Lakini tazama ni ushujaa wa aina gani. Shambulio lile lilichukua siku kadhaa. Watu wale walikuwa na dakika za kupanga, wa kuongozana nao, kuta za kujikinga, na adui aliyekwisha kujitangaza kwa milio. Mwizi wa stendi hakupi hata kimoja kati ya hivyo. Na ndani ya mkanganyiko uleule wa watu wenye silaha wasiofahamiana, wanajeshi walimpiga risasi na kumuua ofisa wa kikosi maalumu cha polisi, wakidhani ni adui. Ofisa wa serikali, akiwa na wenzake. Raia mwenye fulana na bastola, polisi akimkuta usiku amesimama juu ya kijana aliyelala chini, atajitambulisha kwa lugha gani, na kwa muda gani?

Watu 67 waliuawa Westgate bila kuwahesabu washambuliaji. Walionusurika kwa sababu ya wale wachache wana haki ya kuwashukuru maisha yao yote. Haifuati kwamba mnunuzi wa viazi naye anapaswa kushuka Kitonga na chuma kiunoni.

Nadhani wengi wanalijua hili. Nimekaa na wafanyabiashara wa mbao wakieleza vizuri kuliko mimi jinsi mtu anavyokabwa. Wanajua bastola haiwahi. Wanaitaka hata hivyo, kwa sababu inafanya kazi nyingine ambayo wauzaji hawaitaji: ni vazi la cheo. Kizazi cha nyuma kilikuwa na suti ya Kaunda, shati-koti lile lisilochomekewa, na kila mtoto alinong'ona kwamba aliyelivaa ana kitu kiunoni, hata kama alikuwa mwalimu wa hesabu mwenye rula tu. Unono kidogo upande wa kulia ulimpa mtu nafasi kwenye foleni.

Machi 23, 2017 tuliona waziwazi kazi hiyo ya pili ya bastola. Nje ya hoteli Dar es Salaam, mbele ya kamera, mtu aliyevaa kiraia alimchomolea bastola Nape Nnauye, aliyekuwa ameondolewa uwaziri siku ileile na alitaka kuzungumza na waandishi. Hakuna jambazi aliyekuwa pale, hakuna maisha yaliyokuwa yakilindwa. Bastola ilitolewa ili mtu anyamaze. Mengi ya yale tunayoyasikia kutoka baa na viwanja vya mpira yana sura hiyo: silaha iliyonunuliwa kwa ajili ya mwizi, inachomolewa kwa ajili ya ubishi. Mwizi hakupi nafasi ya kuchomoa. Rafiki yako mliyezozana naye juu ya bili anakupa nafasi tele.

Naambiwa mimi naongea hivi kwa sababu sijaogopa vya kutosha. Mkoa wa Njombe unaijua hofu. Mwishoni mwa 2018 na mwanzoni mwa 2019 watoto walitoweka na kukutwa wameuawa, na kila mzazi alitazama kila anayepita kwa jicho jingine. Hofu ile haikuwa na mahali pa kuipiga risasi. Watoto walisindikizwa shule mkono kwa mkono. Ni kazi ya kuchosha isiyotengenezewa video na mtu yeyote.

Tuje kwenye fedha, maana ndizo zilizovunja mtulinga ule. Kwa nini mtu anatembea na milioni kadhaa mgongoni katika nchi ambayo imekuwa ikitumiana fedha kwa simu tangu 2008? Sehemu ya jibu ni mazoea, na sehemu ni mkono wa serikali. Julai 2021 iliwekwa tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kulingana na kiasi, juu ya ada za kampuni zilizokuwapo. Septemba mwaka uleule ikapunguzwa kwa asilimia 30, na baadaye ikapunguzwa tena. Lakini katikati hapo wakulima walikuwa wameshajifunza kusema neno moja: taslimu. Kila noti iliyoikimbia simu ilipanda basi na kushuka usiku kwenye stendi kama ile. Yule aliyeketi ofisini akapanga viwango vile ningependa ashuke Makambako saa nne, upepo ukivuma, begi mgongoni, kisha aniambie alikadiria mapato kiasi gani kutoka kwenye mifupa ya watu.

Bei ya bastola mpya, pamoja na risasi na gharama za kibali, ni mamilioni ya shilingi. Kwa fedha hizo Bamdogo anaweza kulipa makato ya kutuma malipo ya wakulima wake misimu mingapi? Anaweza kumlipa mwenye bodaboda mmoja anayemjua kwa jina, akamsubiri stendi kila safari. Anaweza kulala Iringa na kuingia Makambako mchana. Wenye maduka wanaoizunguka stendi, wakichanga kila mmoja kiasi kidogo, wanaweza kuweka taa ambazo zinaendelea kuwaka hata mwenye duka akifunga. Hakuna hata kimoja hapo kinachomfanya mtu aonekane mwanaume zaidi akiinuka kwenye kiti, najua. Taa haina cheo.

Nilimweleza yote haya kwa simu, kwa adabu, maana ni baba yangu. Alisikiliza bila kunikatiza, na kwa mtu wa biashara hilo ni jambo. Risasi 6 zilimshtua. Alidhani ni nyingi zaidi. Ile habari ya mjumbe mwenye mke wa saluni alicheka, akataja jina. Halafu akanyamaza kidogo, nikasikia fuso linanguruma nyuma yake.

"Sasa mwanangu, hayo makato ya simu," alisema, "yatamkata nani? Mimi au mkulima?"

Nilimwambia yamkate yeye. Yeye anasema wagawane nusu kwa nusu, na kwamba nisiyelima wala kununua nisijitie kwenye bei ya viazi. Hapo ndipo tulipofika, na bado tunabishana.